Mbu wanaomwagwa Maui si wazimu, ila si dawa pia

Tangu habari zisambae kwamba huko Hawaii watu wanamwaga mamilioni ya mbu msituni, kwanza kwa helikopta na tangu mwaka 2025 kwa droni pia, zimepokewa huku kwetu kwa namna mbili. Wapo wanaocheka: sisi tunahangaika na vyandarua na dawa ya kupulizia, wenzetu wamekosa kazi mpaka wanafuga mbu na kuwapandisha helikopta. Na wapo wanaoshtuka: bila shaka hao ni mbu waliochezewa vinasaba, leo Hawaii, kesho kwetu. Nyuma yao limekuja kundi la tatu, la wanaoshangilia, waliosoma kichwa cha habari kinachosema mbu wataokoa ndege wakaamini kazi imekwisha. Makundi yote matatu yamelikosa jambo lenyewe, na kosa la hao wanaoshangilia ndilo linaloweza kuleta hasara kubwa zaidi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kumwaga mbu hao, ambao ni madume ya kuwazuia mbu wa porini wasizaliane na kuwaambukiza ndege malaria, ni uamuzi sahihi, na kwa baadhi ya ndege wa visiwa hivyo ndio pekee uliobaki wenye mantiki. Lakini hauponyi kitu. Ni kodi ya pango: unalipa, unakaa, ukiacha kulipa, vyombo vyako vinatolewa nje. Anayeiunga mkono kazi hii bila kusema hivyo anaiandalia aibu, na anayeipinga bila kujua kodi inalipiwa nini anapigana na kivuli. Mkanganyiko wote, nionavyo, unaanzia kwenye maelezo yanayorudiwa kila anapotajwa ndege anayehusika zaidi, kiwikiu wa kisiwa cha Maui: kwamba ni chiriku wa misitu ya milimani. Msomaji akishaambiwa hivyo, anahitimisha mwenyewe kwamba shida ya ndege huyo ni msitu, na kwamba msitu ukilindwa, ndege amepona. Msitu umelindwa. Ndege anaendelea kufa.

Kiwikiu ni chiriku mwenye kichwa kikubwa na mkia mfupi, mgongo wa kijani iliyofifia, tumbo la manjano na mchirizi wa manjano juu ya jicho. Kinachomtambulisha ni mdomo: mnene, uliopinda wa kikasuku, taya la juu limelizidi la chini. Haupasui mbegu kama midomo ya machiriku tuliowazoea. Anakamata kijiti kikavu, anazamisha ncha ya taya la juu, anabana kwa la chini mpaka gome na ubao vinaachana, kisha anachokoa buu la mende au la nondo lililokuwa limejificha ndani. Hata tunda dogo la msituni hulipasua kwa nia hiyo hiyo. Nyama ya tunda haimhusu, anatafuta buu. Ni riziki ya polepole, na maisha yake yote yanakwenda kwa mwendo huo. Kwa kawaida jike hutaga yai moja. Kinda hukaa na wazazi wake miezi mingi, pengine kupita mwaka, kabla ya kujitegemea. Mvua kubwa ikiharibu kiota, mwaka wa jozi hiyo umekwenda. Makadirio yaliyotokana na hesabu ya mwaka 2017 yalikuwa ndege 157 hivi, wote katika ukanda mmoja wa miteremko ya mashariki ya mlima Haleakalā, na habari zilizofuata hazikuwa njema.

Ukiyasoma hayo utadhani aliumbiwa baridi na ukungu. Sivyo. Mifupa yake ya kale imepatikana nyanda za chini za Maui, na hata katika kisiwa jirani cha Molokaʻi. Alikuwa ndege wa misitu ya mti wa koa, iliyo mikavu na yenye joto kuliko anakoishi leo, ile ambayo baadaye ilifyekwa au kuliwa na ng'ombe na mbuzi. Huko juu aliko sasa, ambako mvua haikatiki, ni pembezoni mwa makazi yake ya zamani. Hakupachagua kwa kupapenda. Amebaki hapo kwa sababu kwingine kote aliuawa, na hapo muuaji alikuwa hafiki. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mwenyeji wa mlima ukimlindia mlima wake umemlindia kila kitu. Mkimbizi unamlindia kimbilio, na kimbilio linaweza kuanguka hali mti haujakatwa hata mmoja.

Muuaji mwenyewe alifika kwa meli. Visiwa vya Hawaii viko katikati ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara lililo karibu, na kabla ya karne ya 19 havikuwa na mbu hata mmoja. Historia inautaja mwaka 1826 na bandari ya Lahaina, hapo hapo Maui, ambako meli iliyoitwa Wellington, iliyotoka Mexico, inasemekana ilimwaga maji machafu ya mapipa yake yakiwa na viluwiluwi. Mbu huyo ni Culex quinquefasciatus, na msomaji wa pwani yetu anamfahamu hata kama hajawahi kulisikia jina: ndiye yule wa usiku anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, anayeeneza matende na mabusha. Pale Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje za plastiki nyepesi zinazoelea kwenye vyoo vya shimo ili kumzuia asitage. Kwa hiyo tusijifanye kwamba hii ni hadithi ya mbali. Huko Hawaii mbu huyo hakuwaletea ndege matende. Kilichowamaliza ni kimelea kilichofuata baadaye, yaelekea ndani ya damu ya ndege wa kigeni walioletwa na walowezi: Plasmodium relictum, malaria ya ndege, isiyomdhuru binadamu.

Ndege wa bara, walioishi pamoja na mbu kwa mamilioni ya miaka, wengi huugua malaria hiyo na kuendelea na maisha. Hawa wa Hawaii hawakuwa na kinga. Mababu zao, machiriku kutoka Asia, walifika visiwani miaka kati ya milioni 5 na 7 iliyopita, wakasambaa na kugawanyika hadi kufikia zaidi ya aina 50, wengine wenye midomo mirefu iliyopinda ya kunyonyea maua, wengine wenye midomo ya kugongea magome, na huyu wetu mwenye wa kupasulia vijiti. Zimebaki aina 17. Jaribio moja lililofanywa kwa ʻiʻiwi, chiriku mwekundu wa visiwa hivyo, lilionyesha kwamba akiumwa mara moja tu na mbu mwenye kimelea, tisa kati ya kumi wanakufa. Haleakalā yenyewe ina kaburi la karibuni: poʻouli, aliyegunduliwa na wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1973, na wa mwisho aliyejulikana akafia kwenye kizimba mwaka 2004. Oktoba 2023 serikali ya Marekani ilipofuta viumbe 21 kwenye orodha ya wanaolindwa kwa sababu wametoweka, wanane kati yao walikuwa ndege wa Hawaii, na poʻouli alikuwamo.

Kilichowaokoa waliobaki ni baridi. Kama malaria yetu, kimelea hiki lazima kikomae kwanza ndani ya mbu, na ukomavu huo unadai joto. Chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi kazi inasimama. Kwa miaka mingi hiyo ikawa mstari wa kuishi au kufa: chini ya mita 1,500 hivi wengi walitoweka, juu yake walipumua. Sasa mstari unapanda. Mtu anaweza kusema ndege naye apande, maana Haleakalā ina kimo cha mita 3,055. Tatizo ni kwamba msitu hauendi kileleni. Ukishapita mita 2,000 na kidogo mawingu ya mvua hukoma, miti inageuka vichaka, na vijiti vya kupasua haviko tena. Ndege amebanwa kati ya mbu anayepanda na msitu unaoishia njiani. Kisiwa cha Kauaʻi kimeshatuonyesha mwisho wa njia hiyo, kwa sababu kilele chake cha juu kabisa hakifiki hata mita 1,600. Huko chiriku mdogo wa kijivu aitwaye ʻakikiki alihesabiwa kwa mamia mwaka 2012. Mwaka 2023 waliojulikana kubaki porini walikuwa watano. Hakuna aliyekata msitu wa Kauaʻi katika miaka hiyo 11.

Anayetaka kuelewa kwa nini wataalamu waliacha njia za kawaida na kukimbilia mbu, asome yaliyotokea Nakula mwaka 2019. Nakula ni hifadhi iliyo upande wa pili wa Haleakalā, upande mkavu, ule unaofanana na makazi ya kale ya kiwikiu. Kwa miaka mingi watu walifanya kila kinachoandikwa kwenye vitabu vya uhifadhi. Walizungusha uzio, wakaondoa mbuzi na ng'ombe, wakapanda miche kwa maelfu, wakasubiri koa ikue. Oktoba mwaka huo wakapeleka ndege 14, saba waliokamatwa porini na saba waliozaliwa kizimbani, wakawaweka kwanza kwenye vizimba vya hapo hapo ili wazoee. Ndani ya wiki chache walianza kufa mmoja mmoja, na vipimo vikasema malaria. Mbu walikuwa wamepanda juu kuliko ilivyotarajiwa. Alipona mmoja tu, dume aliyeonekana tena mwaka 2021 baada ya kuhesabiwa kuwa amekufa. Sioni sababu ya kuwalaumu waliopanga safari ile. Walitumia maarifa bora yaliyokuwapo. Lakini baada ya Nakula, kuendelea kusema suluhisho ni kupanda miti ni ukaidi. Msitu bila baridi, kwa ndege huyu, ni mtego uliopambwa.

Hili halimaanishi uzio hauna kazi. Nguruwe mwitu wa Hawaii wanapenda kiini chenye wanga cha hāpuʻu, kangaga mkubwa mwenye shina kama la mti. Wanaliangusha shina, wanalitafuna katikati, wanaliacha likiwa limebonyea urefu mzima. Mvua inajaza maji kwenye lile bonde la shina, na baada ya siku chache viluwiluwi vinacheza humo. Nguruwe mmoja anaweza kuacha mabirika kama hayo mengi mahali ambapo kabla yake palikuwa na vijito vinavyotiririka tu. Kwa hiyo kuwatoa nguruwe ni kuwapunguzia mbu nyumba. Ila hata msitu uliozungushiwa uzio una mashimo ya mwamba kandokando ya vijito yanayoshika maji kiangazi, na humo mbu anazaliana bila msaada wa nguruwe. Na huwezi kupulizia dawa msitu wa mvua kilomita nyingi za mraba bila kuwaua wadudu wengine wote, wakiwamo mabuu ambao ndio chakula cha kiwikiu.

Hapo ndipo mbu dume wanapoingia. Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi, wakiwamo hao Culex wa Hawaii. Dume mwenye aina moja ya Wolbachia akipanda jike mwenye aina nyingine, mayai hayaanguliwi. Maabara, basi, inafuga mbu waliopewa aina tofauti na ile ya porini, inachambua madume, na madume hao wanasafirishwa kutoka California na kumwagwa msituni wakiwa kwenye vifuko vinavyooza vyenyewe, kama mbu 1,000 kila kifuko. Jike wa porini akikutana nao, anataga mayai yasiyotoa kitu. Dume wa mbu haumi na hanyonyi damu, anaishi kwa maji matamu ya mimea. Vinasaba vya mbu havijaguswa. Maui ilianza kumwagiwa Novemba 2023, Kauaʻi ikafuata, na kufikia katikati ya mwaka 2025 jumla ilikuwa imepita milioni 40. Singapore imekuwa ikitumia mbinu ya jamii hii tangu mwaka 2016 dhidi ya mbu wa homa ya dengi, katikati ya mitaa ya watu.

Wapinzani wa Maui si wajinga wote, na uandishi unaowaweka katika kapu moja na wazushi haututendei haki. Mwaka 2023 kundi la wananchi lilikwenda mahakamani likitaka mradi usimame mpaka tathmini kubwa zaidi ya athari ifanywe. Ukiwasikiliza bila kuwajua, utaona ni woga. Lakini kutoka fukwe za kusini za Maui unakiona kisiwa cha Kahoʻolawe, ambacho jeshi la wanamaji la Marekani lilikitumia kwa mazoezi ya mabomu kuanzia mwaka 1941 hadi 1990, na wenyeji wa Hawaii hawajasahau kwamba ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893. Watu waliotendewa hivyo wakiambiwa na serikali ile ile kwamba kitu fulani kinachodondoshwa kutoka angani ni salama, kuuliza maswali mara mbili ni busara. Jibu lao si kejeli, ni kuonyeshwa takwimu za mitego hadharani na kushirikishwa, na kwa kiasi fulani hilo limefanyika, kwa kuwa ndege hawa wenyewe ni urithi wa wenyeji. Manyoya ya ʻiʻiwi ndiyo yaliyoshonewa majoho ya machifu.

Hoja ya pili ni ya fedha, na hii ni nzito zaidi. Agosti 2023 moto uliiteketeza Lahaina na kuua watu 102. Maelfu walibaki bila makazi. Miezi mitatu baadaye, kwenye kisiwa hicho hicho, helikopta zinaruka kumwaga mbu kwa ajili ya ndege ambao wakazi wengi hawajawahi kuwaona. Serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza zaidi ya dola milioni 14 kwa ajili ya ndege wa misitu ya Hawaii. Ni kweli kwamba mafungu ni tofauti na kwamba kuzifuta fedha za ndege kusingejenga nyumba hata moja Lahaina. Bajeti haziendi hivyo. Lakini jibu hilo la kikaratasi halimridhishi mtu anayelala hotelini na watoto. Kinachoniudhi zaidi ni baadhi ya watetezi wa mradi wanaojaribu kuitoroka hoja hii kwa kudokeza kwamba watu nao watapungukiwa na mbu. Hawatapungukiwa. Madume yanamwagwa juu kabisa msituni, ambako hakuna anayeishi, na yanalenga aina moja ya mbu. Anayeeneza dengi ni mwingine. Ukiunga mkono ndege, sema unaunga mkono ndege. Kuna thamani ya kutosha katika kiumbe kilichochukua miaka milioni kadhaa kutengenezwa na kisichopatikana popote pengine, na mlipakodi anayeambiwa hivyo waziwazi anaweza kukubali au kukataa kwa heshima.

Ya tatu ni ya kitaalamu, na ndiyo ambayo ningeifuatilia usiku na mchana kama ningekuwa msimamizi. Mbinu yote inategemea kwamba wanaomwagwa ni madume. Majike wenye Wolbachia ile ile ya maabara wakipenya kwa idadi ya kutosha, wataelewana na madume yanayomwagwa, mayai yao yataanguliwa, na polepole aina mpya inaweza kuimeza ya zamani. Siku hiyo madume ya maabara yatakuwa mbu wa kawaida tu na silaha itakuwa imekufa. Hapo suala ni usahihi wa uchambuzi maabara, wiki baada ya wiki, bila kuchoka. Sina sababu ya kudhani wanaofanya kazi hiyo wanazembea. Nasema tu kwamba wasiwasi unaostahili uko hapa, si kwenye hadithi za vinasaba.

Halafu kuna hoja inayopendwa mno mitandaoni nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: asili iachwe ifuate mkondo wake, wenye nguvu watapona. Inatajwa kwa ushahidi, tena ushahidi wa kweli. Kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaiʻi, chiriku aitwaye ʻamakihi amerudi nyanda za chini na anaishi na malaria. Kizazi baada ya kizazi, waliovumilia ndio waliozaa. Lakini ʻamakihi walikuwa wengi sana na huzaa kwa kasi. Uteuzi wa aina hiyo unafanya kazi kwa kuua, na unahitaji wa kuwaua. Ukianza na maelfu na kupoteza tisa kwa kila kumi, unabakiwa na mamia wa kuanzia upya. Ukianza na kiwikiu 150 wanaotaga yai moja moja, unabakiwa na 15 waliotawanyika msituni, wengine ndugu, wengine wazee, na hakuna hakika kwamba kuna jozi hata moja ndani yao. Isitoshe, asili ipi inayozungumzwa? Mbu aliletwa na pipa la meli, kimelea kikaletwa na ndege wa kufugwa, na joto linaloupandisha mstari linatokana na mafuta tunayochoma. Mwanadamu ameingiza mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anataka kuinyanyua na kujiita mtazamaji.

Kuwahifadhi kizimbani peke yake nako hakutoshi. Kiwikiu wamekuwa wagumu kuzalishwa utumwani, na siku moto ulipoiunguza Lahaina, moto mwingine ulikifikia kituo cha ndege cha Olinda, juu ya mlima, kilichokuwa na ʻakikiki na kunguru wa Hawaii ambao porini hawakuwapo tena. Wafanyakazi waliuzima kwa mipira ya kumwagilia bustani na vizimia moto. Viumbe wa nadra kuliko wote visiwani walinusurika kwa mipira ya bustani.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wapinzani hawaitumii vya kutosha na watetezi hawaisemi kabisa. Sisi tuna mfano mzuri wa kumwaga wadudu dume na kushinda. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, mbung'o wapatao milioni nane waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kutoka kwenye ndege ndogo juu ya Unguja. Kabla ya hapo ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye sumu vilitundikwa porini kuwapunguza wadudu. Septemba 1996 akanaswa mbung'o wa mwisho wa porini, na kisiwa kikatangazwa huru. Ng'ombe wa Unguja hawaugui tena nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Tulioyajua hayo tunashawishika kuyahamishia Maui: kisiwa ni kisiwa, wadudu ni wadudu. Lakini Unguja walimaliza, na Maui hawawezi kumaliza kwa njia hii. Mbung'o wa Unguja walikuwa wa aina moja waliozungukwa na bahari pande zote, wanazaa polepole, buu mmoja mmoja, na kampeni iliwakabili kisiwa kizima. Culex wa Maui wanafuatwa juu ya mlima tu, huku chini yao kukiwa na miji, mashamba, matairi, mapipa na mitaro, ambamo jike mmoja anataga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo. Kila upepo mzuri unapandisha wapya. Unguja ilinunua nyumba. Maui inalipa kodi.

Kutoka hapo ndipo maswali ya maana yanaanzia. La kwanza ni nani mwenye kuahidi fedha kwa miaka 20, si mwaka mmoja au miwili. Mradi wa kodi ukisimamishwa katikati unaacha hasara kubwa kuliko ambao haukuanza, maana mbu wanarudi ndani ya msimu mmoja na fedha zote za awali zinakuwa zimenunua muda usiotumika. Droni zina umuhimu kwa sababu hiyo hiyo, zaidi ya mshangao wa picha zake: helikopta na rubani ni ghali na hatari katika milima yenye ukungu, na chochote kinachoishusha bei ya wiki moja kinairefusha kazi. La pili ni muda huo unaonunuliwa unatumiwa kwa nini. Wapo wanaopendekeza baadhi ya kiwikiu wahamishiwe kisiwa cha Hawaiʻi, ambako milima ya Mauna Kea na Mauna Loa inapita mita 4,000 na msitu wenye baridi una nafasi zaidi. Wapo wanaosubiri mbinu za vinasaba zenye uwezo wa kuwamaliza Culex visiwani kote, mijini na msituni. Ninawaambia walioanza kushtuka hapa: hofu yenu ya vinasaba ingefaa ielekezwe huko, kwenye mjadala ambao bado unakuja, na ambao utatuhusu moja kwa moja kwa kuwa watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, nao wanafanya kazi ya namna hiyo kwa mbu wa malaria ya binadamu. Binafsi naona katika Hawaii, mahali ambapo hakuna mbu wa asili na hakuna kiumbe wa asili anayemtegemea, hoja ya kuwamaliza ni rahisi kuliko popote duniani. Kwetu si rahisi hivyo.

Na tusiichukue Maui kuwa kielelezo cha kila ndege wa mlimani. Katika milima ya Taita kuna ndege wadogo wanaokaribia kwisha pia, lakini wao msitu wao wenyewe umekatwa vipande vipande. Huko kupanda miti ndiyo kazi yenyewe, na atakayekwenda kumwaga mbu atakuwa amesoma makala kama hii vibaya.

Hesabu ya mafanikio nayo ipangwe upya. Mjumbe wa Kongresi atakayeuliza baada ya mwaka mmoja kiwikiu wameongezeka kwa wangapi, atapewa jibu la kukatisha tamaa, kwa kuwa ndege wa yai moja haongezeki kwa mwendo wa bajeti, na atafuta fungu akidhani mbinu imeshindwa. Cha kuuliza kwanza ni majike wangapi wa Culex wanaonaswa kwenye mitego ya mita 1,500 kwenda juu kati ya Agosti na Desemba, wakati maambukizi yanapokuwa juu, na wangapi kati yao wana kimelea. Namba hiyo ikishuka na kubaki chini misimu mitatu au minne mfululizo, ndipo itakapokuwa haki kuanza kuhesabu makinda.